Reale si ya Rumi: namna ya kuzitambua sarafu za fedha tulizorithi



Mfungo Sita uliopita nilialikwa Maulidi katika mtaa wa Majengo, mjini Nyeri. Sisi tuliolelewa na joto la pwani tukifika huko hujifunza adabu upya. Alfajiri Mlima Kenya umevaa kilemba chake cheupe, na maji ya udhu yanachoma vidole. Lakini ukiketi barazani na wenyeji, baridi husahaulika. Waislamu wa Nyeri, Murang'a, Karatina na Nanyuki wengi wao ni wajukuu wa wapagazi, askari, mafundi na wachuuzi waliopanda bara pamoja na misafara, kisha pamoja na serikali ya kikoloni iliyojenga ngome yake Nyeri mwaka 1902. Walikuja na dini yao, na Kiswahili chao, na vyakula vyao. Walikuja pia na pesa zao.

Baada ya sala ya Isha mama mmoja wa makamo, muuza viungo, aliniomba nipite kwake pamoja na imamu wa mtaa. Tulipoketi akaleta mkebe wa majani ya chai ulioanza kushika kutu, akautua juu ya mkeka.

"Sheikh," akasema, "tumeambiwa humu mna pesa ya Rumi, ya zama za Nabii Isa. Tafadhali ututazamie kabla hatujatoa pesa yetu."

Kisa chenyewe kilikuwa hivi. Mama yao mzazi alikuwa amefariki miezi michache nyuma, akiwa na zaidi ya miaka tisini. Aliacha mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili, na mkebe huu ulikutwa chini ya nguo zake. Kijana mmoja wa nyumbani alizipiga picha sarafu zile akazisambaza kwa simu. Siku ya tatu akatokea dalali. Akasema moja kati ya hizo ni ya fedha ya Kirumi, ina miaka elfu mbili, na mnunuzi wa ng'ambo yuko tayari kutoa mamilioni. Kilichobaki ni shilingi elfu kumi na tano tu, "za cheti", zitumwe upesi.

Habari ya mamilioni hainyamazi. Ikafika Nanyuki, wanakoishi watoto wa mke mwingine wa marehemu baba yao. Nao wakasema: mkebe ulikuwa wa baba, kwa hiyo na sisi tumo. Ndugu waliokuwa wakisalimiana kila Idi wakaacha kupigiana simu. Ndiyo maana yule mama hakuniita nimpe bei. Aliniita nimwambie zile ni nini.

Sarafu ya Kirumi tunayoisoma kila Ijumaa

Mimi si sonara wala si mtaalamu wa makumbusho. Lakini mwalimu wangu wa madrasa, tulipofika mlango wa zaka ya dhahabu na fedha, hakutuacha tukariri dirhamu mia mbili kama kasuku. Aliweka sarafu juu ya mkeka akatuuliza: hii ni nini, ina uzito gani, na fedha iliyomo ni kiasi gani? Tangu siku ile nimekuwa mwenye kuziokota na kuzisoma sarafu kuukuu.

Nikawakumbusha wenyeji wangu kwamba kisa cha kuitambua sarafu ya kale wanakijua tayari. Katika Sura ya Al-Kahf, tunayoisoma siku ya Ijumaa, vijana wa pangoni walipoamka katika usingizi wao mrefu walimtuma mmoja wao mjini, na sarafu ya fedha mkononi, akatafute chakula kilicho safi. Wafasiri wengi wanasimulia kwamba muuzaji alipoishika sarafu ile alishangaa, kwa kuwa ilikuwa na sura ya mfalme aliyekwisha kufa zamani. Akamdhania kijana kuwa amefukua hazina. Mfalme huyo wafasiri humwita Daqyanus, naye katika tarikhi ya Warumi ni Decius, aliyetawala kuanzia mwaka 249 hadi 251 Miladi.

Sarafu za fedha za Decius zipo hadi leo, na mtu huweza kuzitambua. Zina upana kama wa shilingi yetu ya kawaida, na uzito wa gramu nne hivi. Upande mmoja pana kichwa cha mfalme aliyegeuza uso pembeni, na juu ya nywele taji lenye ncha kama miale ya jua. Kukizunguka kichwa pana herufi za Kilatini, na ndani yake utaliona jina DECIVS, kwani Warumi waliandika V mahali pa U. Utaona pia IMP, yaani amiri jeshi, na AVG, yaani Augusto, lakabu ya wafalme wao.

Sarafu ya fedha ya Warumi iliyo mashuhuri zaidi iliitwa denarius, na kutokana na jina hilo Waarabu walipata neno dinari, ijapokuwa wao waliliweka kwa dhahabu. Zama za Augusto denarius ilikuwa na uzito unaokaribia gramu nne za fedha iliyo karibu safi. Mwaka 64 Nero akaipunguza. Waliomfuata wakazidi kuchanganya shaba, hata ilipofika miaka ya 260 sarafu iliyoitwa ya fedha ilikuwa shaba iliyopakwa weupe wa fedha juu. Ghushi katika mizani ni maradhi ya kale.

Kwa hiyo anayetaka kujua kama sarafu ni ya Kirumi ana alama za kutazama. Ni ndogo na nyepesi. Ilipigwa kwa nyundo na mkono wa mtu, kwa hiyo duara lake haliwi kamili na picha mara nyingi huangukia upande. Ukingo wake kwa kawaida hauna meno wala maandishi. Tena haina mwaka ulioandikwa kwa tarakimu tulizozizoea, sembuse mwaka wa kuhesabu tangu kuzaliwa Nabii Isa, hesabu ambayo Warumi wa zama zile hawakuwa nayo. Mtu akikuonyesha sarafu ya Kirumi yenye mwaka kama huo, mrudishie kwa upole.

Yule bibi wa mwaka 1780

Sasa tukaifungua ile iliyoitwa ya Rumi. Ilikuwa kubwa, pana kiasi cha sentimita nne, imejaa kiganja. Upande mmoja pana mwanamke mnene kiasi, amejifunika ushungi kichwani na bizimu begani. Upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili. Na mwisho wa maandishi pana mwaka ulio wazi kabisa: 1780.

Wazee wetu wa pwani wasingehitaji kuuliza. Hii ni reale, sarafu ya Maria Theresia, malkia wa Austria. Ndiyo iliyonunua karafuu Unguja, kahawa Yemen, na pembe za ndovu bara. Jina lake limebaki mdomoni mwetu hata baada ya yenyewe kuondoka: tunaposema thumuni kwa senti hamsini, tunasema "sehemu ya nane" kwa Kiarabu, na sehemu hiyo ya nane ilikuwa ya reale.

Dalali hakubuni kila kitu. Ukiyasoma maandishi yanayomzunguka yule bibi utakuta M. THERESIA, kisha R. IMP., na maana ya herufi hizo ni malkia mkuu wa Warumi. Mumewe alikuwa mfalme wa dola ya Wajerumani iliyojiita Dola Takatifu ya Rumi, na bibi akajipa cheo hicho. Mtu akiuona ufupisho ule katika simu, akalinganisha na IMP ya sarafu za kale, huweza kupotea, au kuwapoteza wenzake akijua.

Lakini hata mwaka ule wa 1780 haupokelewi bila ya kuulizwa. Maria Theresia alifariki mwaka huo. Wafanyabiashara wa Bahari ya Shamu na Uhabeshi walikuwa wamemzoea, wala hawakutaka sarafu yenye sura nyingine. Kwa hiyo Vienna ikaendelea kuipiga sarafu ile ile, kwa mwaka ule ule. Katika miaka ya 1930 Waitalia waliipiga Roma, Waingereza wakaipiga London, na mwaka 1940 na 1941 ikapigwa Bombay, kwa sababu vita vya Uhabeshi vilihitaji pesa ambayo watu wa huko wangeikubali. Wataalamu huzitofautisha kwa kuhesabu lulu za bizimu na kutazama manyoya ya mkia wa tai. Mimi na wewe yatutosha kujua kwamba reale halisi ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha yake ni sehemu 833 katika 1,000. Ukingoni ina maneno ya Kilatini yaliyonyanyuka, maana yake uadilifu na huruma.

Nilipotaja vita vya Uhabeshi, ndugu yao wa kiume akainua kichwa. "Baba alikuwa askari wa King's African Rifles," akasema. "Alikuwa akitusimulia habari za Addis Ababa." Jeshi lililotoka Kenya liliingia mji huo mwezi wa Aprili 1941. Hatukuwa na hati ya kuthibitisha kwamba reale ile ilitoka huko. Ila njia ilikuwa wazi, na hakuna aliyekumbuka kuiona mikononi mwa mama yao kabla ya kuolewa.

Rupia tisa katika kitambaa

Chini ya mkebe palikuwa na fundo la kitambaa cha kaniki. Ndani yake rupia tisa za Kihindi, nyeusi kwa ukongwe. Rupia ndiyo iliyokuwa pesa ya serikali katika nchi hii kabla ya shilingi. Vibarua wa reli walilipwa kwa rupia, na kumi na tano kati yake zilihesabiwa sawa na pauni moja ya Kiingereza. Kila rupia ina gramu 11.66, na fedha yake ni sehemu kumi na moja katika kumi na mbili.

Kuzitambua ni rahisi, kwa kuwa jina na mwaka vimeandikwa. Mbili zilikuwa na malkia mwenye taji na maneno VICTORIA EMPRESS, ambayo hayakuwekwa kabla ya mwaka 1877. Tatu zilikuwa na Edward, mfalme mwenye ndevu na kichwa kisicho na taji. Nne zilikuwa na George, mwenye taji. Katika hizi za Edward na George, aliyesoma madrasa ataona jambo la kumfurahisha: upande wa pili neno rupia limeandikwa pia kwa herufi zetu za Kiarabu.

Moja ya zile nne ilikuwa ya mwaka 1911. Nikawaomba walete taa. Kifuani mwa mfalme, katika mkufu wake wa heshima, pana tembo mdogo. Mchongaji alimfanya mkonga mfupi mno, na watu wa India walipoipokea rupia ile wakasema: huyu si tembo, huyu ni nguruwe. Waislamu wakaikataa, na serikali ikazirudisha nyingi na kuziyeyusha. Mwaka 1912 tembo akapewa mkonga unaostahili. Binti mdogo wa nyumba, aliyekuwa ameishika rupia ile, aliiachia mkekani kama kaa la moto, na sote tukacheka kwa mara ya kwanza usiku ule. Nikamwambia aiokote. Ni tembo, tena kwa wakusanyaji huenda ikawa na bei kushinda wenzake wanane.

Kisha tukafanya kazi iliyokuwa na maana zaidi. Tuliziandika sarafu zote tisa kwa miaka yake. Ya mwisho kabisa ilikuwa ya 1918. Hapana hata moja iliyopita hapo.

Mwaka 1920 serikali iliiondoa rupia ikaleta florini, na mwaka uliofuata ikaleta shilingi, mbili kwa florini moja. Rupia ya India ikaacha kuwa pesa halali katika nchi hii mwaka 1921. Waliokuwa mbali na benki walibaki na fedha ambayo duka halikuipokea tena. Fundo la rupia tisa ambalo halina sarafu iliyopita 1918 linafanana na pesa iliyowekwa kando wakati rupia ingali hai, wala si pesa iliyookotwa huku na huku baadaye.

Hapo bibi kizee wa jirani, aliyekuwa kimya pembeni na tasbihi yake, akasema: "Hizo ni za mahari." Akaeleza kwamba bibi mzaa mama wa nyumba ile aliolewa wakati vita vya kwanza vya Wazungu vilipokwisha, na mahari yake ilikuwa ya rupia. Tisa alizihifadhi. Uzeeni akamkabidhi binti yake mbele ya wanawake wenzake, na yeye msemaji alikuwapo, msichana mdogo aliyepeleka chai.

Nataka msomaji azingatie mpaka wa ushahidi wa sarafu. Mwaka ulioandikwa unakwambia sarafu haikupigwa kabla ya hapo; kwa reale haukwambii hata ilipigwa mwaka gani baada ya hapo. Hausemi ilimfikia nani wala lini. Lakini ulimi wa shahidi na maandishi ya sarafu vikikubaliana, moyo hutulia. Baba yao, kwa hesabu ya familia, alizaliwa baada ya 1920. Rupia hizi hazikuwa mshahara wake.

Shilingi za simba, na vipimo vya jikoni

Zilizobaki zilikuwa za Afrika Mashariki: simba amesimama mbele ya milima. Watoto wa Nyeri husema ni mlima wao, nami sikuwakatalia. Hapa pana mtego. Shilingi za simba za miaka ya 1921 hadi 1925, na za 1937 hadi 1946, zina robo ya fedha. Za 1948 hadi 1952 zina sura ile ile lakini hazina fedha hata chembe. Katika mkebe zilikuwamo za 1944 na 1946, na nyingine za 1950 na 1952. Senti zenye tundu katikati, ambazo wanawake walizitunga uzini, hazina fedha.

Je, mtu atajuaje kwamba sarafu yake ni ya fedha kweli? Mwenyeji wetu alikuwa na mizani ndogo ya kupimia iliki na zafarani, nayo ikatutosha.

Kwanza, sumaku. Fedha haivutwi na sumaku. Ikishika, si fedha. Isiposhika bado hujajua, kwani shaba nayo haishiki.

Pili, uzito. Reale iliyochakaa huweza kupungua kidogo, lakini ya gramu 22 au 24 ina kasoro.

Tatu, maji. Weka gilasi ya maji juu ya mizani, uirudishe mizani kwenye sufuri. Ifunge sarafu kwa uzi, uizamishe yote bila ya kugusa chini wala pembeni. Gramu zitakazoonekana, gawanya kwazo uzito wa sarafu ulio mkavu. Reale yetu ilikuwa na gramu 28, na maji yakaonyesha 2.8: jibu ni kumi. Fedha yenye shaba kidogo hutoa jibu la kumi na kidogo. Shaba na nikeli haifiki tisa, na risasi hupita kumi na moja. Sarafu ndogo zipimwe pamoja, kwa kuwa mizani ya jikoni hukosea katika vipimo vidogo. Rupia zote tisa zilikuwa gramu 104.2, na maji yakasema 10.1. Jibu likapita kumi. Ni fedha.

Na jambo la nne ni la kuacha. Msizisugue. Kijana wa nyumba ile alikuwa ameanza kuisugua rupia moja kwa ndimu na majivu ili ing'are. Iling'aa, na maandishi yakafifia. Weusi wa fedha ni ngozi yake ya uzeeni, na mkusanyaji huipenda. Shika sarafu kwa ukingo, iweke katika karatasi kavu, basi.

Dirhamu ya sheria

Msomaji ataniuliza: faida ya haya kwa mwanamke wa nyumbani ni nini? Faida ni tatu: zaka, mirathi, na kujikinga na mlaghai.

Zama za Mtume, rehema na amani zimshukie, watu wa Makka na Madina walitumia dinari za Rumi na dirhamu za Uajemi, zenye sura za wafalme na uzito uliotofautiana. Khalifa Abdul-Malik bin Marwan ndiye aliyezipa umma sarafu zisizo na sura, zenye maneno ya tauhidi, jina la mji na mwaka wa Hijria. Dirhamu yake mpya ilianza mwaka 79 Hijria, sawa na 698 Miladi. Pwani yetu nayo haikuwa nyuma: Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 zilifukuliwa sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, zenye majina ya watawala Waislamu, pamoja na dinari za dhahabu za Mafatimi. Sarafu za Kiislamu ni rahisi kuzitambua kuliko za Kirumi, kwani anayejua kusoma Kurani amekwisha kupiga nusu ya safari.

Dirhamu ya sheria hukadiriwa kuwa gramu 2.975. Nisabu ya dirhamu mia mbili ni gramu 595 za fedha. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, fedha iliyochanganywa huhesabiwa kwa kiasi cha fedha safi kilichomo. Basi reale moja ina gramu 23.4 za fedha safi, na nisabu hutimia kwa reale 26. Rupia moja mpya ina gramu 10.7, na nisabu hutimia kwa rupia 56. Shilingi ya simba yenye robo haifiki gramu mbili. Mkebe mzima wa Nyeri haukukaribia nisabu. Aliye na akiba nyingine amuulize mwanachuoni wake namna ya kuziunganisha.

Katika mirathi, kutojua ni mlango wa dhuluma. Mahari ni mali ya mwanamke. Si ya mumewe, wala si ya baba yake. Rupia zile, kwa ushahidi uliotolewa, zilitoka kwa bibi kwenda kwa binti yake, na baada yake ni za watoto wake yeye. Reale, ikiwa ni ya baba, wana haki ndani yake warithi wote wa baba, na ndugu wa Nanyuki ni miongoni mwao. Kama dalali angepelekewa mkebe mzima, haki mbili zingemwagika katika sufuria moja.

Na kuhusu mlaghai, shikeni haya. Mnunuzi wa kweli halipwi na muuzaji. Anayetaka "pesa ya cheti" kabla ya kuiona sarafu, mzimieni simu. Pana na wale wanaodai kwamba rupia kuukuu ina zebaki ndani au huvuta punje za mchele. Rupia ni fedha na shaba tu. Tena mjue kwamba kwa sheria ya Kenya ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006, kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 huhesabiwa kuwa ni cha kale, na hakitolewi nje ya nchi bila ya kibali. Mwenye shaka ana mahali pa kuuliza: Makumbusho ya Taifa Nairobi, Fort Jesus Mombasa, au Makumbusho ya Nyeri yenyewe, yaliyo katika jengo lililokuwa mahakama ya wenyeji zama za ukoloni.

Usiku ulivyokwisha

Sikuwahukumia, kwani hukumu ya mirathi ina Kadhi wake. Niliwaandikia orodha tu: kila sarafu, mwaka wake, uzito wake, na kauli ya bibi kizee, imamu akaweka sahihi. Ndugu wa kiume akauliza rupia tisa zitagawanywaje kwa mafungu manne, mawili yake na moja moja ya dada zake. Dada mkubwa akamjibu kabla yangu: nane zigawanywe, wewe nne, sisi mbili mbili. Ya tisa, ile ya tembo, ipelekwe kwa mjuzi, iuzwe kwa bei yake, na pesa zifuate mafungu yale yale.

Kisha akachukua simu akatoka nje barazani. Baridi ilikuwa kali, nasi tulimsikia kupitia dirishani akizungumza na Nanyuki. Aliwaeleza kwamba pesa ya Rumi haipo, wala mamilioni hayapo. Ipo reale moja ambayo huenda baba alitoka nayo vitani, na wao hawana ukumbusho wowote wa baba. "Sisi watatu hapa tumeridhika," akasema. "Mkiridhika nyote, njooni mwichukue. Lakini msitume mtu. Njooni wenyewe."

Walikuja Jumapili. Mimi nilikuwa nimekwisha kuteremka Mombasa. Imamu aliniambia kwa simu kwamba walikaa hadi magharibi, na kwamba reale ilipitishwa mkono kwa mkono, kila mmoja akijaribu kusoma maneno yaliyo ukingoni.

Wabillahi tawfiq.